Kusitiri na Kuanika

Anayetaka kujua dini imemfanya mtu awe nani, mara nyingi huanza kwa kuuliza anachokisadiki. Anamwamini Mungu mmoja au Utatu? Anaona mambo yote yameandikwa, au mwanadamu ana hiari yake? Maswali hayo ni mazito, na wanazuoni wamekesha nayo kwa karne nyingi. Lakini mvuvi wa Lamu au mkulima wa migomba wa Bukoba anaweza kumaliza mwaka mzima asiulizwe hata moja kati ya hayo. Kuna swali jingine lisilompa nafasi ya kupumua, nalo humjia kila jioni anapobaki peke yake: lile baya nililolitenda leo nilipeleke wapi? Nilifiche au nilitaje? Nikilitaja, nimtajie nani, na huyo atanitazamaje kesho? Naamini kwamba ni katika jibu la swali hili ndipo falsafa ya dini inapomfinyanga mtu kwa nguvu kuliko mahali pengine popote. Aliyelelewa kulijibu kwa namna moja atajenga nyumba tofauti, atagombana na kupatana tofauti, na siku dola itakapomtia majaribuni atasimama tofauti na yule aliyelelewa kulijibu kwa namna nyingine. Afrika Mashariki ni mahali pazuri pa kulithibitisha jambo hili, kwa sababu majibu mawili yanayokaribia kupingana yameishi hapa kwa vizazi, mara nyingi mtaa mmoja na lugha moja. La kwanza ni kusitiri. La pili ni kuanika.

Tuanze na pwani. Neno stara asili yake ni Kiarabu, lenye maana ya pazia au kifuniko, na Kiswahili kimelipanua hadi likaingia kila pembe ya maisha. Nguo ya stara ni ile inayoufunika mwili kwa adabu. Aliyesitirika ni mtu anayepata riziki ya kutosha asiombe, hata kama hana ziada. Kuolewa ni kupata stara, kuzikwa ni kusitiriwa, na dua ya Mungu atusitiri huombwa na mwenye njaa, mwenye deni na mwenye siri, kila mmoja kwa shida yake. Nyuma ya neno hili pana fundisho kamili. Katika hadithi iliyomo ndani ya Sahihi Muslim, Mtume Muhammad anafundisha kwamba anayemsitiri Mwislamu mwenzake, naye Mwenyezi Mungu atamsitiri. Nyingine, iliyopokewa na Bukhari na Muslim wote wawili, inamlaumu mtu aliyetenda dhambi usiku, Mungu akamfunika, kisha kulipokucha yeye mwenyewe akajifunua kwa kuisimulia. Suratun Nur inamtaka anayemtuhumu mwanamke kwa zinaa alete mashahidi wanne, na asiyewaleta apigwe mijeledi 80. Sura hiyohiyo inakataza kuingia nyumba ya watu bila kubisha hodi na kutoa salamu. Suratul Hujurat inakataza kupelelezana na kusengenyana. Ukiziweka amri hizi pamoja unaliona wazo moja zinalolisimamia: dhambi ya mja ina mwenyewe wa kuihukumu, naye ni Mungu, na anayeifungulia mlango ikatembea sokoni ameongeza kosa juu ya kosa.

Fundisho hilo halikubaki vitabuni. Liliingia kwenye mawe. Nyumba za kale za Lamu, zile za matumbawe na chokaa ambazo nyingi zilijengwa katika karne ya 18, humpokea mgeni kwenye daka, yaani ukumbi wa mlangoni, penye baraza za kukalia huku na huku, na wageni wengi huishia hapo. Anayevuka daka hukuta tekani, ukumbi wa ndani, na njia hukunja kabla ya kufika kiwandani, yaani uani, ili mlango ukiachwa wazi mpita njia asione kitu. Kutoka kiwandani vyumba hufuatana, kila kimoja kikiwa na faragha kuliko kilichotangulia, hadi ndani kabisa ambako shughuli za uzazi na za maiti zilifanyika. Kuta za nje ni tupu. Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na nakshi zimewekwa ndani, kwa macho ya wenye haki ya kuziona. Fundisho liliingia pia katika mikono ya waosha maiti, ambao huosha chini ya kitambaa na hutakiwa walifiche lolote baya walilolikuta mwilini. Na liliingia katika lugha yenyewe. Sidhani kwamba ni bahati tu iliyowafanya watu wa pwani kuwa mabingwa wa mafumbo. Mwanamke anayepita mbele ya jirani yake akiwa amejifunga kanga yenye maneno makali amesema alichotaka kusema, na jirani amesikia, lakini hakuna jina lililotajwa wala kosa lililotangazwa. Wakitaka kupatana kesho, hakuna aliyevuliwa nguo hadharani. Mwana Kupona binti Msham alipomtungia binti yake utendi wa wosia, karibu na mwaka 1858, hakusahau kumfunza adabu ya ulimi. Ulimi ulikuwa mlango wa nyumba nyingine.

Mtu anayekulia katika utaratibu huu hujifunza kwamba nafsi yake nayo ina vyumba. Kuna cha mgeni, cha ndugu, cha mwenzi wa ndoa, na kuna cha ndani kabisa ambacho Mungu peke yake ndiye mwenye ufunguo. Toba hufanyika humo. Mja huacha kosa, hujuta, huazimia kutolirudia, na kama limemdhuru mwenzake humrudishia haki yake. Katika masharti hayo hakuna linalodai wasikilizaji. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika ndani ya Ihyaa Ulumid Din kitabu kizima juu ya mtu kuihesabu nafsi yake, kama mfanyabiashara anavyomkagua mshirika aliyemwachia mtaji. Hesabu hiyo ni kali, hairuhusu mtu kujidanganya, ila daftari lake halitoki nje ya chumba. Maisha kwa mtazamo huo ni mizani inayopanda na kushuka hadi pumzi ya mwisho, na ndiyo maana wazee hawaachi kuomba mwisho mwema. Hakuna siku ambayo Mwislamu wa pwani anaweza kusema maisha yake yamekatika vipande viwili, kabla na baada, na kwamba kazi kubwa imekwisha.

Mlokole, Mkristo wa uamsho, anayo siku hiyo, na aghalabu anaijua kwa tarehe. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe mjini Kampala, Simeon Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu ya imani iliyo hai, alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda. Walisoma Biblia na kuomba pamoja, kisha Church akarudi Gahini. Katika miaka michache iliyofuata Gahini ikaanza kuvuma kwa habari za watu waliosimama wakalia na kuungama dhambi zao mbele ya wenzao. Mwaka 1935 mkutano mkubwa ulifanyika Kabale, kusini magharibi mwa Uganda. Mwanzoni mwa 1936 Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi na mmoja wa waliouwasha moto huo wa uamsho, alifariki bado kijana, na kifo chake kikaupeleka ujumbe mbali zaidi. Waganda waliwaita wafuasi Balokole, yaani waliookoka, na Kiswahili kikalichukua jina likawa walokole. Uamsho huo ulienea Buganda, Ankole, Bukoba, Burundi na Kenya ya kati, na kwa sehemu kubwa ulibaki ndani ya makanisa yaliyokuwapo, Waanglikana, Walutheri na Wapresbiteri, bila kuanzisha kanisa lake.

Kilichowaunganisha ni usomaji wao wa waraka wa kwanza wa Yohana, ambao unafungamanisha kutembea nuruni na kushirikiana sisi kwa sisi. Walokole waliuchukua mfungamano huo kwa uzito usio wa kawaida. Nuru kwao ilikuwa mahali ambapo ndugu yako anakuona, na dhambi iliyosemwa kwa Mungu peke yake ilikuwa bado ina kivuli. Kwa hiyo waliungama wizi, uzinzi, uchawi, wivu na masengenyo, katika vikundi vilivyokutana kila wiki, kwa maneno yanayotaja jambo lenyewe. Waliungama kwa vitendo pia: walirudisha vitu walivyoiba kwa waajiri, walilipa madeni ya miaka, waume waliwaambia wake zao yale ambayo mila zilimruhusu mume kunyamaza nayo. Na jambo lililowashtua wengi wakati huo ni kwamba wamisionari Wazungu nao walisimama wakaungama kiburi chao na dharau yao kwa Waafrika, mbele ya Waafrika haohao. Katika dola ya kikoloni iliyosimama juu ya umbali kati ya mtawala na mtawaliwa, kitendo hicho kilikuwa na uzito kuliko hotuba nyingi za usawa. Wakuu wa kanisa hawakupendezwa. Mwaka 1941 katika chuo cha theolojia cha Mukono wanafunzi zaidi ya 20 walifukuzwa, William Nagenda akiwa kiongozi wao, kwa sababu hawakukubali kuacha sala za alfajiri na mahubiri yaliyokuwa yakiwataja walimu na wanafunzi wenzao kuwa hawajaamka.

Ushuhuda ndio uliokuwa chombo cha kumuumba mtu mpya. Una umbo linalojulikana na kila aliyewahi kuusikia: nilikuwa hivi, siku fulani nikakutana na Bwana, sasa niko hivi. Anayelisimulia umbo hilo mara moja amesimulia kisa. Anayelisimulia kila wiki kwa miaka 30 amejifunza kuyaona maisha yake yote kwa umbo hilo, na kuwaona wengine hivyohivyo: huyu amevuka, yule hajavuka. Tofauti na pwani inaonekana vizuri katika maneno mawili, unafiki na haya. Kwa mlokole, pengo lolote kati ya kilichomo moyoni na kinachoonekana usoni ni unafiki, na tiba yake ni kuliziba kwa kusema. Kwa Mwislamu wa pwani, kuwaficha watu dhambi uliyoijutia hakuitwi unafiki hata kidogo. Kunaitwa haya, na haya imehesabiwa katika hadithi kuwa tawi la imani. Mnafiki kwake ni mwenye kudai imani asiyo nayo. Watu wawili wanaweza kuwa wanasema Kiswahili kilekile, wakatumia neno lilelile, na kila mmoja akamwona mwenzake ana kasoro ya maadili: huyu anamwona yule msiri, yule anamwona huyu hana aibu. Wote wawili wana akili timamu. Wamefundishwa falsafa tofauti za mahali ukweli wa mtu unapokaa.

Ushahidi wenye nguvu zaidi kwamba mafunzo haya hufika mfupani ni ule wa watu waliolipa kwa maisha yao. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mwezi Oktoba 1952, Wakikuyu wengi walikuwa wamekwisha kula kiapo cha Mau Mau, kilichomfunga mtu kutunza siri za harakati hizo za kupigania ardhi na uhuru. Walokole wa Kikuyu walikataa. Sababu waliyoitaja mara kwa mara ilikuwa ya kidini waziwazi: wamekwisha kunywa damu ya Kristo, hawawezi kuchanganya na ya mbuzi. Lakini ukitazama mazoea yao unaona sababu ya pili iliyo chini ya hiyo. Kiapo kile kiliomba kitu ambacho hawakuwa nacho tena, yaani chumba cha ndani kisichoonwa na ndugu. Mtu aliyezoea kuweka kila jambo nuruni wiki hadi wiki hawezi kuwa mtunza siri, hata akitaka. Baadhi yao waliuawa. Wengi walikataa pia kuchukua silaha za serikali dhidi ya jirani zao, na hivyo wakawa washukiwa wa pande zote mbili. Mpigania ardhi aliyewaona kuwa wasaliti alikuwa na hoja, kwa maana ardhi ilikuwa imeporwa kweli, na toba ya mtu mmoja mmoja haikuirudisha hata ekari moja. Silitaji tukio hili ili kuwapa tuzo. Nalitaja kwa sababu faida yote ya kidunia, ya upande wowote ule, iliwavuta kwingine, na wao wakafuata mazoea ya nafsi zao.

Robo karne baadaye umbo hilohilo linaonekana Uganda. Askofu Mkuu Janani Luwum, mlokole tangu 1948, aliuawa Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Askofu Festo Kivengere, mlokole mwenzake aliyewahi kufundisha shule Dodoma, alikimbilia uhamishoni, na mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho jina lake linatangaza kwamba anampenda Idi Amin. Alieleza kwamba alikuwa ameigundua chuki ikimea moyoni mwake na akaona hana budi kuitubu. Mtu asiyelijua umbo la ushuhuda husoma jina lile akadhani ni udhaifu, au ni mbinu. Anayelijua anaona mtu aliyezoezwa kwa miaka 35 na zaidi kuanza na swali la moyo wake mwenyewe, hata mbele ya muuaji.

Hapa atasimama mpenzi wa historia ya uchumi na pingamizi lake, nalo si la kupuuzwa. Atasema kwamba nimekosea kuihesabia dini kilichofanywa na biashara na tabaka. Pwani ilikuwa jamii ya wafanyabiashara walioishi kwa mkopo, na mtu wa mkopo hulinda jina lake. Zaidi ya hayo, stara ilikuwa mali ya waungwana. Nyumba ya mawe yenye tekani na kiwanda ilikuwa ya tajiri. Mtumwa hakuwa na mlango wa kufunga, na mwanamke mtumwa hakuruhusiwa kujifunika kama bibi yake. Yote hayo ni kweli. Lakini tazama kilichotokea utumwa ulipofutwa kisheria, Zanzibar mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907. Mwanahistoria Laura Fair, katika utafiti wake kuhusu Zanzibar ya baada ya utumwa, ameonyesha jinsi wanawake walioachwa huru walivyolivaa buibui na kuyafanya mavazi kuwa dai la heshima yao. Kama stara ingekuwa alama ya tabaka tu, wangeweza kuitupa pamoja na minyororo. Waliichukua kwa sababu fundisho lenyewe halikuwahi kusema Mungu huwasitiri waungwana. Lilisema humsitiri Mwislamu. Matajiri waliligeuza wazo hilo kuwa ukuta, na waliokuwa nje walilishika neno lake wakaingia nalo. Uchumi unaeleza vizuri nani aliitumia stara kwanza. Hauelezi kwa nini waliodhulumiwa nayo waliiona kuwa haki yao.

Pingamizi la pili ni kwamba watu huchagua dini inayolingana na tabia zao: wasiri huenda kwa wasiri, wasemaji kwa wasemaji. Kwa pwani pingamizi hili halina nguvu, kwani mtoto hafunzwi kubisha hodi baada ya kupimwa tabia. Kwa walokole lina nguvu kidogo zaidi, kwa sababu wao walichagua. Hata hivyo waliochagua walitoka kwa wafugaji wa Ankole, wakulima wa Kikuyu, Wahaya na Wanyarwanda, jamii ambazo kabla ya hapo zilikuwa na adabu tofauti kabisa za kunyamaza na kusema, nyingine zikihesabu kimya kuwa ndiyo heshima yenyewe. Baada ya miaka michache wote walikuwa wakisimulia maisha yao kwa umbo moja, kiasi kwamba Mhaya na Mkikuyu wasioelewana lugha walitambuana kwa ushuhuda. Tabia za kuzaliwa haziwezi kutoa ufanano wa namna hiyo.

Pingamizi linaloniumiza ni la tatu, kwa sababu halikanushi nguvu ya falsafa hizi. Linauliza zimetumika kufanya nini. Stara imemfunika mkosaji na pia imemfunika dhalimu. Mtoto aliyeharibiwa na mtu wa ukoo ameambiwa anyamaze ili familia isitirike. Mke aliyepigwa ameambiwa afiche alama za kipigo. Sitaki kusema kwamba hayo ni utamaduni, dini haimo, kwani kauli hiyo ni rahisi mno na huwaacha walioumizwa bila jibu. Neno walilozibwa nalo mdomo lilikuwa neno la dini. Ninachoweza kusema ni kwamba walioziba mdomo walilikata fundisho katikati. An-Nawawi, mwanachuoni wa karne ya 13 ambaye Riyadhus Salihin yake husomwa katika misikiti ya pwani hadi leo, aliorodhesha hali sita ambazo kumtaja mtu kwa ubaya wake kunaruhusiwa, na ya kwanza ni mdhulumiwa anayempelekea malalamiko mwenye mamlaka. Nyingine ni kutafuta msaada wa kuondoa uovu na kuwatahadharisha watu na madhara. Stara, kwa hesabu ya fiqhi, ni haki ya aliyeanguka na kujuta, na inakoma pale ambapo kosa lina mwathirika anayedai. Aliyefundishwa nusu ya kwanza ya somo hili bila ya pili ameumbwa kuwa mlinzi wa mlango asiyeuliza ndani kuna nani analia.

Kuanika nako kuna giza lake, na giza hilo lina mahali. Nyamata, kusini mwa Kigali, ni mji wa eneo la Bugesera, ambako Watutsi wengi walihamishiwa baada ya machafuko ya 1959. Yona Kanamuzeyi, mchungaji wa Kianglikana na mtu wa uamsho, aliwahudumia huko hadi alipochukuliwa na kuuawa Januari 1964. Mwaka 1994, katika mji huohuo, maelfu waliokimbilia kanisa Katoliki waliuawa ndani yake. Kanisa hilo halikuwa la walokole, na Wanyarwanda wengi wakati huo walikuwa Wakatoliki. Itakuwa dhuluma kuutwika uamsho mzigo wa mauaji ya kimbari. Lakini Gahini iko katika nchi hiyohiyo, na nchi iliyolizalia bara hili mtindo wa kuungama hadharani ilikuwa na watu wa kutosha wa kuua majirani zao kwa siku 100. Nadhani jibu linapatikana katika umbo la ushuhuda wenyewe. Umbo lile lina nafasi ya wizi wangu, uzinzi wangu, wivu wangu. Nafasi ya chuki ambayo hakuna mmoja aliyeianzisha, iliyoandikwa kwenye kitambulisho na kufundishwa shuleni, ni finyu mno. Wapo walokole walioipata nafasi hiyo, Wahutu na Watutsi waliofichana na kufa pamoja, na Kanamuzeyi ni mmoja wa waliolipa. Ila taa ya uamsho ilitengenezwa kumulika chumba kimoja, na nyumba nzima ilikuwa ikiungua.

Serikali ya Rwanda baadaye ilijaribu kuichukua taa hiyo na kuipanua. Sheria ya mwaka 1996 ya kuwashtaki wauaji, na mahakama za gacaca, yaani za wanakijiji waliokaa kwenye majani, zilizofanya kazi nchi nzima kuanzia 2005 hadi zilipofungwa Juni 2012, zilimpunguzia adhabu aliyekiri, akataja wenzake, akaonyesha miili ilipotupwa. Kesi zilikaribia milioni 2. Familia nyingi zilipata mifupa ya kuzika, na hilo si jambo dogo. Lakini kukiri kunakolipwa kwa miaka ya kifungo ni kitu kingine kabisa, na walionusurika walilazimika kukaa kwenye majani wakimpima kila aliyesimama kama anasema kwa sababu amejuta au kwa sababu amepiga hesabu. Umbo la nje la toba linaweza kuamrishwa na sheria. Mazoea ya ndani yaliyolipa uhai yanahitaji miaka na watu wanaokujua.

Kama ningeombwa kuonyesha falsafa hizi mbili zikifanya kazi bila kugombana, ningekwenda Uganda ya UKIMWI. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alitangaza hadharani kwamba ana ugonjwa huo, wakati ambapo neno lenyewe lilikuwa halitamkwi, na miezi yake ya mwisho aliitumia kwenda mashuleni na makanisani kujieleza. Sidai kwamba alikuwa mlokole. Nasema kwamba watu waliokaa kumsikiliza walikwisha kulijua umbo la mtu anayesimama akasema nilikuwa hivi, sasa niko hivi, ninyi jihadharini. Nusu karne ya uamsho ilikuwa imewafundisha kulisikiliza bila kukimbia. Mwaka 1992 Jumuiya ya Madaktari wa Kiislamu Uganda ilianza njia nyingine. Iliwafunza maimamu na wasaidizi wao waende nyumba kwa nyumba, wabishe hodi, waketi na familia na kuzungumza nayo humo ndani, bila jina la mgonjwa kutoka nje ya kizingiti. Na shirika la TASO, lililoanzishwa na Noerine Kaleeba na wenzake mwaka 1987, wengi wao wakiwa wenyewe wameguswa na ugonjwa huo, lilikuwa na vyote viwili: chumba cha ushauri ambacho mlango wake ulifungwa na mazungumzo yake hayakutoka, na vikundi vya wagonjwa vilivyozunguka vijijini vikiimba na kutoa ushuhuda. Aliyefika pale kwa mara ya kwanza alipelekwa kwanza kwenye chumba. Baada ya hapo, kama alitaka, na kwa wakati wake, alijiunga na waimbaji.